Mgongo wa Fundi Silvère

Spéciose alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wengi, lakini fungu kubwa alikuwa amewawekea mafundi wa magari. Mshonaji aliyechelewesha nguo ya harusi mpaka harusi ikapita, huyo alimsamehe. Muuza nyanya aliyepanga nzuri juu na mbovu chini alimwelewa, maana yeye mwenyewe aliuza dagaa na maharage katika soko la Kimironko na alijua dunia inavyokwenda. Lakini fundi wa magari, kwake, alikuwa mwizi aliyepewa spana.

Dharau hiyo aliitoa mbali. Alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, na pale Buyenzi ukitupa jiwe linamwangukia fundi. Alisoma mpaka darasa la sita, akatolewa kwenda kuuza dagaa na mama yake, na njia ya sokoni ilipita katikati ya gereji. Aliona gari likiingia na tajiri wake likiwa zima, tajiri akaenda zake, na huku nyuma mikono ikaanza kutembea. Kitu kizuri kilitoka, kitu kibovu kilichofanana nacho kikaingia, na jioni tajiri alirudi kusema asante.

Kisha Mungu, ambaye ana mzaha wake, akampa mume mwenye kuamini watu. Waliporudi Rwanda na maisha yakakaa sawa, Cyriaque alinunua Corolla nyeupe. Kila ilipoingia gereji ilitoka imepungua. Kwanza redio. Kisha betri mpya ikazeeka kwa mchana mmoja. Mwishowe hata taa za nyuma zilikuwa za magari mawili tofauti, moja nyekundu, nyingine imepauka kama ufizi wa mgonjwa.

"Wewe hukunioa mimi peke yangu," Spéciose alimwambia. "Umeoa na gereji zote za Kigali, nazo zinakula kuliko mimi."

Cyriaque alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Alipofariki, aliacha binti mmoja, Ariane, na pikapu aina ya Hilux aliyoinunua baada ya Corolla kuliwa ikaisha. Spéciose akajifunza kuendesha akiwa mtu mzima, huku walimu wakiguna na waendesha moto, zile pikipiki za abiria, wakimkimbia. Na akajiwekea sheria moja: gari likiingia gereji, na yeye anaingia. Nyuma ya pikapu, kati ya magunia, kilikaa daima kiti chake cha plastiki cha kijani. Alikishusha, akakaa mahali anapoona kila mkono, na hakuondoka mpaka boliti ya mwisho imekazwa. Kwenda chooni alikwenda kabla ya kutoka nyumbani.

Basi fikiria moyo wake siku Ariane, aliyesoma mpaka chuo na kufanya kazi katika duka la dawa Remera, alipomwambia kwamba kuna kijana ambaye wazee wake wanataka kuja nyumbani.

"Anafanya kazi gani?"

"Ni fundi, mama."

"Fundi wa nini? Sema haraka. Wa viatu? Wa saa?"

"Wa magari."

"Magari yapi?"

"Yote, mama."

"Basi ni mwizi wa yote."

Ariane hakulia wala hakubisha. Alisema tu, "Anaitwa Silvère. Wanakuja Jumapili, gufata irembo," akaondoa vyombo mezani.

Hiyo gufata irembo ni kushika mlango. Wazee wa mvulana wanakuja kuomba wasifungiwe mlango wa nyumba, ili siku nyingine waje kuomba binti mwenyewe. Mlango ukishashikwa, kuwaachisha watu ni aibu na kelele. Kwa kuwa Cyriaque alikuwa kaburini, neno la mlango lilikuwa la Spéciose, na neno lake alikuwa amekwisha kulichagua. Kilichokosekana ni sababu. Ukiwaambia wazee wa watu, "Nimemkataa kijana wenu kwa kuwa ni fundi," watakucheka mpaka wavuke mtaa. Alihitaji kosa. Kosa zima, aliloliona kwa macho yake mwenyewe.

Ndipo klachi ikamhurumia. Wiki hiyo hiyo pikapu ilianza kukataa milima, na Kigali ukiondoa milima hakuna kitu kinachobaki. Alikanyaga mafuta, injini ikalia kama ng'ombe anayezaa, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Na ule moshi wenye harufu ya kitu kilichoungua ukaingia mpaka ndani. Mtu mwingine angesikitika. Spéciose alitabasamu, akaipeleka Ijumaa asubuhi kwenye gereji ya huyo Silvère, aliyokwisha kuiulizia, bondeni kidogo chini ya makutano ya Sonatubes, bila kumwambia Ariane. Atajionea. Naye fundi hatajua ni nani anayemwangalia.

Ilikuwa gereji kama gereji: mabati, udongo mwekundu ulioshiba mafuta, na magari yaliyokaa bila magurudumu kama wazee wasio na meno. Kijana mrefu akatoka kivulini kuja kumpokea, na kifuani kwake jina lilikuwa limeshonwa: Silvère. Spéciose alimpima kutoka juu mpaka chini. Masikio makubwa. Shingo ya mbuni. Ovaroli imepigwa pasi. Imepigwa pasi! Nani anapigia pasi ovaroli, kama si mtu ambaye hategemei kufanya kazi ndani yake?

Kijana alivua kofia. Kwa kuwa kiganja kilikuwa na mafuta, alitoa kifundo cha mkono, akakishikilia kwa mkono wa pili kama mtu anayemwamkia askofu. Na macho aliyatia chini, hakuyainua.

"Asiyekutazama usoni ana kitu mfukoni," Spéciose alijiambia.

Silvère aliendesha pikapu mpaka kwenye mwinuko wa lango, akarudi nayo taratibu.

"Klachi imekwisha, mama. Inabidi giaboksi ishuke."

"Ishuke. Lakini ishuke mbele yangu."

"Mbele yako, mama?"

"Una tatizo na macho yangu?"

"Hapana, mama." Akatazama kiti cha kijani kikishushwa, kikiwekwa palepale ubavuni mwa gari, na uso ukamwanguka kama wa mtu aliyeambiwa aoge katikati ya soko.

Spéciose akakaa, akaweka mkoba magotini, akaona raha. Mwizi akiona mlinzi hafichi huzuni yake.

Gari likainuliwa kwa jeki, likakalishwa juu ya vigogo vya chuma. Sasa kazi ya giaboksi haifanywi kwa kusimama. Fundi analala chali udongoni, anajisukuma chini ya gari kama mjusi, miguu inabaki nje, na yote anayafanya akiangalia juu. Silvère alikwenda ubavu wa kwanza, akachungulia. Akazunguka ubavu wa pili, akachungulia. Alichuchumaa, akasimama. Kila alikozunguka, macho ya Spéciose yalikwisha kufika. Mwishowe akamwita mwenzake.

Mwenzake aliitwa Audace, Mrundi mfupi mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Alilala chini bila kuombwa mara mbili, akaingia akiimba.

"Na wewe?" Spéciose akamuuliza Silvère.

"Nampa spana, mama."

"Unampa spana." Akalirudia neno hilo kama anayeonja maziwa yaliyoharibika.

Na ndivyo ilivyokuwa. Audace alifungua, akavuta, akatukana kwa Kirundi, akashusha giaboksi juu ya jeki. Silvère alisimama upande akitoa maagizo, ovaroli haina hata vumbi. Sahani ya klachi ilipotoka, imelika mpaka misumari yake inaonekana, Spéciose aliidai, akaitia katika mfuko wake mwenyewe. Mpya ilipotolewa kwenye boksi, alidai kuishika pia. Ilikuwa duara la chuma lenye ukubwa wa sahani ya wali, na katikati lilikuwa na tundu lenye meno.

"Hiyo, mama," Silvère alisema, akiliambia gurudumu kwa sababu hakuthubutu kumtazama Spéciose, "inabanwa kati ya injini na kifuniko chake. Shafti ya giaboksi inapita katika hilo tundu mpaka kwenye kitundu kingine kidogo, ndani ya injini. Sahani ikikaa upande, hata kidogo, shafti haipiti. Ndiyo sababu tunatumia hiki." Akaonyesha kipande cha shafti kilichokatwa kutoka giaboksi iliyokufa zamani, kimeng'aa kwa kushikwa. "Kipimo. Kinaingia kwanza, kinaiweka sahani katikati, ndipo boliti za kifuniko zinakazwa."

"Sikukuomba shule," Spéciose akasema.

"Ndiyo, mama."

Audace alitoa kichwa. "Kipimo ni cha wanaojifunza. Mimi nina jicho."

"Audace, weka kipimo."

"Nina jicho, sha! Jicho hili liliona mke wangu katikati ya watu mia, litashindwa kuona katikati ya sahani?"

"Weka kipimo, nakuomba."

"Njoo uweke wewe."

Silvère aliinama, akarefusha shingo ile ya mbuni, akajaribu kuona chini ya gari bila kuingia chini ya gari. Ilikuwa kama kumwangalia mtu anayetaka kuogelea bila kulowa. Kutoka humo ndani zilisikika boliti zikikazwa, na Audace ameanza wimbo mwingine. Kipimo kilibaki mkononi mwa Silvère.

Spéciose alikuwa na shangwe ndani yake. Sababu ilikuwa inaiva kama ndizi juani. Jumapili atakaa mbele ya wazee, mikono mapajani, na kusema polepole: mabwana, kijana wenu ni mvivu. Anapigia pasi nguo za kazi na kazi anawapa wenzake. Nilikaa, niliona. Nani angemjibu?

Kisha wakainua giaboksi na jeki kuirudisha. Ilipanda vizuri, ikasogea mbele, ikafika karibu na injini, ikagoma. Palibaki mwanya wa kupitisha kidole. Audace akaisukuma kwa magoti. Akaitikisa. Akatia gia, akazungusha shafti ya nyuma ili meno yatafutane. Mwanya ukabaki pale pale, unacheka.

"Sahani imekaa upande," Silvère alisema.

"Sahani iko sawa! Hii giaboksi ina kiburi. Nipe boliti ndefu nne, naivuta na boliti mpaka iingie."

"Hapana."

"Nipe!"

"Ukivuta na boliti utavunja sikio la giaboksi, au utatoboa sahani mpya. Hilo gari ni la watu, Audace."

"La watu, la watu! Toka asubuhi uko juu unatoa mahubiri kama padri, na mimi niko chini nakula udongo!" Audace akajitoa, uso mweusi, udongo kwenye nyusi, akasimama mbele ya mwenzake, kichwa chake kikigota kwenye kifua kilichoshonwa jina. "Ingia basi! Wewe mwenye kipimo, ingia!"

Silvère hakusogea. Alitazama kiti cha kijani, akatazama chini.

Spéciose akacheka, cheko lile ambalo wateja wa Kimironko walilijua na kuliogopa.

"Mwache," akamwambia Audace. "Anaogopa kuichafua ovaroli. Mama yake atamchapa."

"Mukecuru," Audace akasema, na mtu akikuita bibi kizee namna ile, kwa kelele, jua amechoka, "haogopi uchafu huyu. Huyu siku nyingine tunamvuta miguu ili atoke chini ya magari. Anakuogopa wewe!"

"Audace, nyamaza," Silvère akasema.

"Sinyamazi! Ulipoingia tu langoni, akanishika mkono: 'Audace, gari hilo nalijua, huyo ni mama yake Ariane. Leo utalala chini wewe. Mimi siwezi kulala chali, miguu imetanuka, mbele ya mama mkwe.' Mama mkwe! Nikafikiri utakaa kidogo uende zako sokoni. Kumbe umekuja na kiti!"

Hata aliyekuwa akigonga bodi huko nyuma alisimamisha nyundo.

Kwa hiyo, Spéciose akatambua, walikuwa wawili waliojificha, na aliyejificha vibaya ni yeye. Kofia iliyovuliwa, mkono ulioshikiliwa, macho yaliyoangushwa chini: vyote alivihesabu kuwa vya mwizi. Akakumbuka, bila kutaka, paa la mama yake kule Buyenzi. Cyriaque, mchumba bado, alikuwa juu akipigilia bati. Mama akatoka akasimama chini ya ngazi kupunga upepo, na Cyriaque, asiyeweza kumshukia mama mkwe kichwani wala kumwambia asogee, akabaki juu mpaka mvua ikamkuta. Spéciose alimcheka wiki nzima. Na wiki hiyo ndiyo aliyokubali kuolewa.

Lakini hakuwa mtu wa kukabidhi silaha kwa sababu ya bati.

"Mama mkwe wa nani?" akauliza. "Kuna mtu amefungua mlango nyumbani kwangu?"

"Hapana, mama," Silvère akasema.

"Basi mimi ni mteja. Lala uingie."

"Siwezi, mama."

"Hata gari langu likikaa hivyo, tumbo wazi?"

"Nitakuomba radhi, mama. Lakini siwezi."

"Na nikikaa hapa mpaka Jumapili?"

"Nitasimama hapa mpaka Jumapili."

"Vizuri," Audace akasema, akijipangusa. "Wazee wake watakuja kushika mlango huu wa gereji. Ni mpana, tutaosha."

Mtu mmoja akacheka, akajuta. Spéciose alimtazama Silvère, jinsi masikio yake yalivyokuwa mekundu. Mjinga, akawaza. Mjinga mkubwa. Kijana mwingine angelala, angefanya kazi, angesifiwa. Huyu ameacha kazi iharibike kwa heshima, na heshima yenyewe hakuna aliyemdai. Au ni werevu? Maana mwizi mwerevu, akitaka kumwondoa mlinzi, angetafuta maneno gani mazuri kuliko hayo? Mama, geuka, nakuheshimu. Ukigeuka, betri imekwenda. Tangu Cyriaque afe hakuwahi kumpa fundi mgongo. Hata mmoja.

Akasimama. Akakibeba kiti cha kijani mwenyewe, akikataa mkono uliotaka kumsaidia, akakipeleka mpaka karibu na lango. Akakiweka kikitazama barabara, akakaa. Gereji, gari, klachi na fundi, vyote vikawa nyuma yake.

"Kukiwa na kitu kimepungua," akaiambia barabara kwa sauti, "Jumapili nitawaambia wazee wako mbele ya jirani zangu wote."

"Ndiyo, mama."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Juu, pale Sonatubes, moto zilipita na abiria wenye kofia zao ngumu, basi likapita, mama mmoja akapita na mtoto mgongoni, na Spéciose hakuona hata kimoja. Aliona kwa masikio. Alisikia mtu mrefu akilala udongoni. Boliti zilifunguliwa, si kwa pupa, moja huku, nyingine ng'ambo yake. Chuma kikagusa chuma kidogo, kikateleza, kikakaa. Hicho kipimo, akajua, akakasirika kwa kujua. Kisha boliti zikarudi, tena kwa zamu ile ile ya kuvukana. Hakuna aliyeimba.

Kitu kikaanguka, kwaa! Shingo yake ikageuka nusu. Ikasimama pale, inamuuma, misuli yote inadai haki yake. Akairudisha barabarani kama mtu anayemrudisha mbuzi kwa kamba.

"Pandisha jeki," sauti ya Silvère ikasema. "Pole pole. Zungusha ya nyuma. Kidogo. Basi, acha."

Halafu ikaja sauti ndogo, tup, kama kifuniko kilichopata sufuria yake. Hakuna nyundo, hakuna boliti ndefu, hakuna tusi.

"Shetani wewe," Audace akasema taratibu.

Ilipokwisha, Silvère alimletea ufunguo. Alizunguka mbali, ukutani, ili aje kwa mbele na asimwonyeshe mgongo, akautoa kwa mikono miwili. Kwa mbele ovaroli ilikuwa na mikunjo ya pasi bado. Spéciose akauchukua. Alikagua betri. Alikagua redio, jeki, gurudumu la akiba, taa za nyuma zote mbili, zilizokuwa nyekundu sawasawa. Vyote vilikuwepo, na jambo hilo lilimuudhi sana. Alilipa, akalalamika kama inavyopasa, akapanda.

Aliendesha kuelekea Remera akitafuta kosa. Alikanyaga klachi, ikakubali kwa ulaini. Aliachia, gari likashika bila kuruka. Kwenye mwinuko alitia gia ya pili kwa makusudi, kwa ubaya, na pikapu ikapanda kama kijana aliyeitwa kula. Akanusa: hakuna kilichoungua. Akarudi tena mpaka bondeni, akapanda mara nyingine, ili asije akasema hakujaribu. Hakuna kosa. Wavivu wasingeweza, waongo wasingeweza. Na ile ovaroli, bado aliichukia.

Nyumbani alimkuta Ariane akichambua mboga. Akavua viatu, akakaa, akaupapasa mguu uliokanyaga klachi.

"Hao watu wako wa Jumapili," akasema.

Kisu cha Ariane kikasimama.

"Waambie waje mapema. Sipendi kungoja wageni mlango ukiwa wazi, nzi wanaingia."

"Mama?"

"Usiniambie 'mama'. Mwambie na yule shingo ndefu, kabla hajaja kwenye nyumba ya watu, aoge. Mgongo hasa. Udongo wa gereji ile hautoki kwa maji ya mara moja."

Ariane akamtazama, macho yamejaa, hajui acheke au nini.

"Ulimwona wapi mgongo, mama?"

"Sikumwona," Spéciose akajibu kwa ukali. "Nilikuwa natazama barabara."